Virusi havili seli zote, nyingi huungua

Barazani Lamu utasikia VVU "vinakula" kinga ya mwili, kama mchwa alavyo boriti. Mfano huo unapotosha. Mfano unaofaa ni moto kwenye mapaa ya makuti: nyumba moja ikishika, cheche huruka, na jirani ambaye hata jiko hakuwasha naye akaungua.

Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Gladstone, San Francisco, walieleza kilichotokea kwenye vipande vya tonsili na wengu. Takriban asilimia 95 ya seli za CD4 (seli za kinga ambazo VVU huzilenga) zilizokufa hazikuwa zinazalisha virusi. Kirusi kiliingia, kikaanza kujinakili, kikakwama. Mabaki ya DNA yake hutambuliwa na protini iitwayo IFI16, kimeng'enya cha kaspesi-1 huamka, seli huvimba na kupasuka, ikimwaga kemikali za uvimbe. Kemikali hizo huita CD4 nyingine, nazo huingia motoni. Kifo hiki huitwa piroptosisi.

Ndiyo maana "nasubiri CD4 ishuke kwanza ndipo nianze dawa" ni hesabu mbovu. Mtu mzima mwenye afya ana seli 500 hadi 1,500 za CD4 kwa mikrolita ya damu. Chini ya 200 ugonjwa umekwisha kukomaa, na kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi viko mlangoni. Anayeanza dawa huko chini huenda akameza miaka na asifike 500, hata virusi visipoonekana kwenye kipimo. Wingi wa virusi huonyesha kama dawa inafanya kazi. CD4 huonyesha paa limebaki kiasi gani. Watu huvichanganya mno.

Kidonge chenyewe ni kimoja kwa siku: tenofovir 300, lamivudini 300, dolutegravir 50, zote miligramu. Ramadhani si kikwazo, chagua futari au daku, usihamehame. Kinachoharibu ni dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, na vidonge vya chuma au kalisi vinavyomezwa bila chakula: hushika dolutegravir tumboni isinyonywe. Meza dolutegravir muda wa saa mbili kabla ya hizo, au muda wa saa sita baada yake. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huongezewa dolutegravir miligramu 50 nyingine, muda wa saa kumi na mbili baada ya kidonge cha kwanza.

Na mvuvi anayeondoka Faza kwa siku kadhaa asivimwage vidonge kwenye karatasi. Unyevu wa bahari huviharibu. Aende na kopo lenyewe, kifuniko kimekazwa, na kile kijifuko cha kukausha unyevu kibaki ndani.