Nipimeni macho kwanza, ndipo mnipe leseni

Nina miaka 68, naishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na naendesha gari mwenyewe. Mwezi uliopita leseni yangu iliisha muda, nikaenda kuihuisha. Nilirudi nyumbani na furaha. Usiku usingizi ukanipaa.

Ofisini nilipokelewa vizuri. Ada nilishalipa kwa simu, nikakaa kwenye benchi, kijana akaniita: "Shikamoo mama, karibu." Kilichotuchelewesha ni vidole. Jembe na kuchuma kahawa miaka yote hii vimevisugua mpaka mashine haivisomi. "Mama, futa kidogo, weka tena gumba." Mara ya nne kikasoma. Nikapigwa picha, nikaweka sahihi, tukamaliza. Kuhusu macho sikuulizwa, na mimi sikusema.

Nami nilikuwa na la kusema. Mwezi Juni nilikuwa natoka msibani, saa moja na nusu usiku, lori likaja mbele yangu na taa kali. Barabara yote ikawa nyeupe, sioni ukingo wala katikati. Lori lilipopita ndipo nikamwona mtu wa baiskeli mbele yangu, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, hana taa. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilisimama majani yakiwa karibu kugusa boneti. Yule baba hakugeuka hata kutazama, akaendelea kunyonga baiskeli yake. Mimi niliegesha pembeni, nikakaa pale mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Tangu mwaka 2019 leseni yetu inadumu miaka 5 badala ya 3, na ada ilipanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kwa kijana wa miaka 30 hiyo ni nafuu, hana haja ya kupanga foleni kila mara. Kwangu maana yake ni kwamba naweza kuendesha mpaka nifike 73 bila mtu yeyote kuniuliza kama bado naona. Miaka mitano ya uzeeni si sawa na miaka mitano ya ujanani. Mtoto wa jicho anakuja taratibu, unazoea ukungu wake, unadhani ni kioo cha gari kichafu. Taa za usiku zinatawanyika. Presha ya macho ndiyo mbaya zaidi kwa dereva, maana mara nyingi haiumi: inakula pembeni ya uwezo wa kuona, na pembeni ndiko anakotokea mtoto anayevuka au bodaboda anayekupita kushoto. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kuona kwake huku akiapa kwamba yuko salama. Ndiyo maana kujiamini peke yake hakutoshi.

Wenzetu Uingereza, ukifika miaka 70 leseni inahuishwa kila baada ya miaka 3, na dereva wa umri wowote anatakiwa aweze kusoma namba ya gari lililo mita 20 mbele yake. Japani, mwenye miaka 75 na kuendelea anapimwa hata kumbukumbu. Hii ya mita 20 niliijaribu nyumbani. Mjukuu wangu alichukua futi ya fundi, akapima kutoka kwenye gari hadi kwenye mche wa kahawa karibu na zizi, akauchora chaki. Nikasimama pale, nimeziba jicho la kushoto. Herufi nyeusi kwenye bati la njano nilizisoma zote. Nikaziba la kulia. D niliiona O, na 8 sikuiona kabisa.

"Bibi, hiyo si O," akasema, kwa sauti ya chini.

Wiki ile ile nilikwenda kupimwa. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati, hospitali ya KCMC ya hapa Moshi ipo tangu 1971 na ina idara ya macho inayowapokea watu kutoka mikoa ya mbali. Nina mtoto wa jicho, kushoto. Daktari akasema anatolewa, inawekwa lenzi mpya, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Najua kwa nini wazee wenzangu wanaogopa kupimwa. Wanaogopa kunyang'anywa funguo. Hofu hiyo si ya bure. Watoto wangu walioko Dar es Salaam wameshaniambia, "Mama, sasa tafuta dereva." Huyo dereva nitamlipa na pensheni ipi? Daladala haifiki kihambani kwangu, na kupanda bodaboda kwenye mteremko mvua ikinyesha, kwa nyonga hizi, ni kujitafutia kitanda hospitalini. Gari ndilo linalonipeleka kanisani, kliniki ya presha, kwenye misiba na kwenye vikao vya ukoo. Ukimnyima mzee gari bila kumpima, umemfungia ndani. Ukimwachia bila kumpima, umemweka yule baba wa majani hatarini.

Ninachoomba si kitu kikubwa. Ubandikwe ukutani ubao wa herufi, mtu asimame mita 6, asome. Ni dakika tano. Aliyeshindwa apewe barua ya kwenda hospitali na muda wa kutibiwa, asiondoke pale na aibu. Na kwa sisi tuliopita 65, leseni iwe ya miaka miwili au mitatu, ada igawanywe kulingana na miaka hiyo, kwa sababu 70,000 ni fedha nyingi kwa mstaafu.

Nimepangiwa operesheni mwezi ujao. Mpaka hapo gari limeegeshwa, na Jumapili jirani ananipitia. Chaki kwenye mche wa kahawa nimemwambia mjukuu asiifute, nikishapona tutapima tena.