Mwanza ni salama kwa nani, na saa ngapi?

Kila takwimu za uhalifu zinapotoka, ubishi huanza upya vijiweni: Mwanza tumepanda au tumeshuka, tunaizidi Arusha au wao wametuzidi. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huyapanga makosa katika makundi matatu, dhidi ya binadamu, dhidi ya mali na dhidi ya maadili ya jamii, kisha idadi inagawanywa kwa watu na kila mkoa unapata kiwango chake. Kazi hiyo ina maana na sitaki ikome. Ninachokataa ni kiongozi kusimama jukwaani na kutangaza kwamba kwa kuwa kiwango kimeshuka, basi wananchi tunalala usingizi. Kinachohesabiwa pale ni kesi zilizofika kituoni zikaandikwa. Wizi ulioishia kichochoroni haumo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wetu una watu 2,772,509. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Maana yake, kama idadi ya kesi ingebaki ile ile kwa miaka yote kumi, kiwango kwa kila watu laki moja kingeshuka kwa robo nzima bila mwizi hata mmoja kuacha kazi. Anayetaka kujisifu kwa kushuka huko atuambie kwanza amegawanya kwa watu wangapi.

Halafu kuna simu. Dada anashuka kwenye daladala Igoma, saa tatu usiku, anakata kichochoro kwenda kwake. Vijana wawili wanampiga kabali, wanaondoka na mkoba. Ndani mna simu, kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA. Kesho yake anachokihitaji haraka ni karatasi ya kumwezesha kupata kadi na kitambulisho kingine, kwa hiyo anaomba ripoti ya upotevu, analipia, anaondoka. Amekabwa, lakini kwenye kumbukumbu za serikali amepoteza vitu. Angesema afungue kesi ya unyang'anyi angepewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya kesi, angetakiwa kurudi kuandika maelezo, angeambiwa mpelelezi ametoka, na kila kurudi ni nauli na siku ya biashara imekwenda. Anapiga hesabu, anaachana nayo. Mimi simlaumu hata kidogo. Aliyeumizwa vibaya ana nafasi kubwa zaidi ya kuandikwa, kwa sababu anahitaji PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ili ushahidi ubaki. Aliyeporwa bila kuvunjwa mfupa anapotea kwenye hesabu.

Sasa panda milima yetu. Nenda Igogo, Mabatini, Bugarika. Nyumba zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe, na njia nyingi ni ngazi ambazo wenyeji wamezichonga au kuzimwagia saruji wenyewe, upana wake mtu mmoja na ndoo yake ya maji. Mkikutana, mmoja anajibanza ukutani mwingine apite. Gari la polisi linaishia chini, barabarani. Yowe likipigwa juu saa nane usiku, hata askari mwenye moyo wa kazi atapanda kwa miguu, gizani, akiuliza nyumba mlango kwa mlango, wakati anayemfukuza amekulia humo humo na anajua kila upenyo kati ya jiwe na jiwe. Watu wa juu wanalijua hili, ndiyo maana wanajilinda wenyewe: taa ya nje haizimwi hata luku ikiwa inakaribia kuisha, kuna filimbi ndani, kuna mchango wa ulinzi wa mtaa, na mama anayeuza maandazi alfajiri anamsubiri jirani yake washuke pamoja. Capri Point, mtaa wa wenye nacho, wana kuta ndefu na walinzi wa kampuni. Kiwango cha mkoa kinawachanganya hawa na wale, kinatoa namba moja, kisha tunaambiwa hiyo ndiyo hali yetu.

Ziwani ni kubaya zaidi, na huko ndiko ninakotaka tuangalie kwa makini, maana mji huu unakula kwa ziwa. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi gizani, akiwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawaifuati taa, kambi inapumzika, watu wanashona nyavu na wengine wanakunywa. Giza likirudi wote wanaingia majini. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya chombo ni injini, na ndicho majambazi wanachokifuata. Wanakuja taa zikiwa zimezimwa, wana boti yenye mbio kuliko yako, wanabeba injini, mafuta, nyavu na samaki, wanakuachia kasia kama wana huruma. Wapo waliotoswa.

Ukinusurika, unaripoti wapi? Tukio limetokea kati ya visiwa vya Ukerewe na Kome, na majini hakuna kibao cha kukuonyesha wilaya moja imeishia wapi. Mwenye chombo yuko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Wavuvi wenyewe wametoka Bunda na Kigoma, na mwezi ujao kambi inaweza kuwa imehamia kisiwa kingine. BMU wapo kwenye mialo, pale vyombo vinaposhushia samaki, lakini hizo ni kamati za wavuvi zilizoundwa kulinda samaki na fukwe. Kuwataka wakimbizane na watu wenye bunduki ni kuwaonea. Polisi Wanamaji nao wapo, ila ziwa lina kilomita za mraba 68,800, takribani nusu yake iko upande wetu, na aliyeiba anaweza kukata kuelekea maji ya Uganda au Kenya kabla hakujapambazuka. Mvuvi akishafikiria yote hayo anakopa injini nyingine kwa tajiri wake na kurudi kazini. Deni linaandikwa kwenye daftari la tajiri. Kituoni hakuandikwi chochote.

Wengine watasema hofu ni jambo la moyoni, halipimiki. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa mkoa huu, Liberatus Barlow, alipigwa risasi akafariki hapa hapa Mwanza. Kwenye jedwali la mauaji ya mwaka ule, yule ni mtu mmoja. Kwetu mitaani maana yake ilikuwa nyingine kabisa: kama kamanda mwenyewe anauawa, mimi ni nani? Hofu ya namna hiyo inawafungisha watu maduka mapema, inawaondoa mama lishe barabarani na kumpandishia nauli anayelazimika kupanda bodaboda usiku. Ina gharama ya shilingi, na gharama hiyo inalipwa na watu wa kipato kidogo kuliko wote.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayotuponza. Mtu anaitiwa mwizi, na ndani ya dakika chache kuna mawe na tairi. Kesho yake tunasikia ameuawa na wananchi wenye hasira kali, basi, hakuna anayetafutwa. Hayo ni mauaji. Anayesema "tumchome tu, polisi watamwachia" nimemsikia mara nyingi, na najua uchungu wake unatoka wapi, lakini waliokufa hivyo kwa kusingiziwa hawana wa kuwarudisha. Usukumani tumeshaipita njia hii. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umewashinda watu na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera. Walifanya kazi kubwa, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini pia walipiga watu, walitoza faini bila hukumu ya mahakama, na wanawake walifukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi. Bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Hayo hayakuwa mambo ya kuiita jamii salama, hata kama zizi lilikuwa limejaa.

Ninachotaka hakihitaji bajeti ya kutisha. Takwimu zitolewe kwa kata, watu wa Mabatini waone za Mabatini. Wakaguzi wa kata ambao Jeshi la Polisi limewapeleka wawe na siku inayojulikana ya kupanda juu na kusikiliza, na mwaloni pawe na mahali pa kuandikisha tukio la ziwani bila mvuvi kuulizwa kwanza lilikuwa wilaya gani. Fomu ya ripoti ya upotevu iongezwe swali moja, kama kitu kimepotea au kimeporwa, na wapi. Na kila mwaka, kabla ya jukwaa na maikrofoni, watu waulizwe majumbani na kambini walichofanyiwa na hawakukiripoti, na kwa nini. Madiwani wa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mjini kwetu, wanaweza kulipeleka hili kwenye vikao vyao. Wa kwangu nimeshamwandikia, na nasubiri majibu.