Kabla Hamjaendelea Kuisambaza Ile Video ya Bonanza

Naomba tuwekane sawa. Ndiyo, mtu aliyelala chali kwenye ile video ya bonanza la shule, mguu mmoja ndani ya gunia lisilo lake, ni mimi. Na huyo anayecheka hadi simu inatikisika ni rafiki yangu, bodaboda wa Mwanga hapa Kigoma, ambaye abiria akipanda tu anasimuliwa kabla hajaulizwa anashuka wapi. Kuanzia stesheni ya reli mpaka Ujiji watu wanajua. Muuza dagaa kaniambia, "Pole Baba Kulwa, magunia hayana breki." Halafu akanipunja.

Huyo bodaboda anaeneza kwamba nilikuwa nawakimbia watoto huku napiga yowe "mama!" Uongo. Sikukimbia. Ningekimbia ningepona.

Tuanzie kwenye kamera. Mnawajua Kulwa na Doto wangu, kutulia kwao ni mpaka walale, na hata wakilala wanapiga mateke. Picha zao zote kwenye simu yangu ni mkono hapa, kisogo pale, ukungu katikati. Bonanza la shule lilipotangazwa nikasema hapana, safari hii natafuta kamera hasa. Nikaenda kwa jamaa anayeuza vitu vya mtumba mjini, akanitolea kamera ndogo ya kidijitali, nyeusi, inang'aa. "Megapikseli 20, bosi. Zumu mara 30. Unasimama hapa Kigoma unampiga mtu akinywa chai Kongo."

Ndugu zangu, niliposikia megapikseli 20 masikio mengine yote yaliziba. Megapikseli zinakuambia picha itakuwa kubwa kiasi gani. Itapigwa lini, hilo hazikuambii. Nikamjaribishia muuzaji mwenyewe, kasimama nyuma ya meza yake, picha ikatoka safi hadi vinyweleo vya pua unavihesabu. Tatizo ni kwamba muuzaji si mtoto wa chekechea. Nikalipa.

Kilichofuata ni kiherehere. Nikaandika kwenye grupu la wazazi: "Siku ya bonanza msihangaike na simu. Furahieni na watoto, picha niachieni mimi." Makopakopa yakamiminika. Nikatafuta na lile koti la mifuko mingi. Mifuko yote mitupu, lakini koti lilikuwepo.

Dalili zilianza mapema. Mbio za kawaida: nabonyeza, kamera inaguna, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inatafuta fokasi, picha isitoke ukungu, mpaka ije kulia "pii" watoto wameshafika na wanagombania maji. Kwenye picha kuna mwalimu kashika utepe peke yake, anatabasamu.

Kulikuwa na fundi picha mmoja amekuja kama mzazi. Akaniinamia kwa upole. "Kaka, bonyeza nusu kwanza ikamate fokasi, usiachie, wakifika pale unapotaka ndipo umalizie. Halafu weka kwenye alama ya mtu anayekimbia, kasi ya kupiga ipande hadi moja ya mia tano ya sekunde. Hapo uko kwenye moja ya sitini, mtoto akiruka utapata ukungu." Nikamjibu, "Najua, najua." Akauliza kadi yangu ni ya ngapi. Nikasema GB 16. "Siulizi ukubwa, nauliza kasi." Tukaichomoa, ina herufi C na ndani yake namba 4. Akaitazama, akanitazama, akasema "haya," akaenda kununua soda.

Ikaja mbio za magunia.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo bodaboda anapoongeza chumvi. Nilipiga goti karibu na utepe, katikati kabisa ya njia, kwa sababu mtoto anapigwa picha kwa usawa wa macho yake. Hilo nililijua na bado nalisimamia. Nikaweka alama ya mtu anayekimbia, nikaweka kupiga mfululizo. Filimbi ikalia. Nikashikilia kitufe: kra-kra-kra-kra-kra! Raha gani ile! Kisha kamera ikanyamaza.

Kwenye skrini nawaona watoto kule mbali, ndio kwanza wanatoka, Doto kashika gunia mpaka kidevuni, miguu haigusi chini. Nikajiambia tulia, bado wako mbali. Watoto hawasogei. Nikasema hii ndiyo kamera, bwana, picha imetulia namna hii! Pembeni kuna kitaa chekundu kinapepesa. Nikadhani kinanipongeza.

Kumbe kamera imejaza kumbukumbu yake ya ndani na sasa inahamishia picha kwenye kadi. Kadi ya namba 4 inakuhakikishia megabaiti 4 kwa sekunde, na picha moja ya megapikseli 20 inafika megabaiti 6 au 7. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nilishapigwa. Inapoandika hivyo, ile yangu inakubakizia picha ya mwisho kwenye skrini, imeganda. Nilikuwa naangalia mambo yaliyopita.

Nasikia puu, puu, puu. Nahisi ardhi. Nasikia kina mama, "Toka! Toka we!" Nikajua kuna mbuzi kaingia uwanjani, nikamhurumia. Kwenye skrini watoto wako palepale.

Nikainua macho. Doto alikuwa hewani. Niliona pengo la jino lililong'oka, niliona vumbi jekundu kwenye kope zake. Akasema "Baba?" kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Kisha likaja gunia. Nikaenda chali, Doto juu yangu, mtoto wa pili akapita tumboni, wa tatu akaanguka na kutumia bega langu kunyanyukia. Kandambili ya kulia ikanitoka. Kidole hakikuachia kitufe.

Aibu ingeishia hapo ningewashukuru. Lakini Doto alikuwa ameangukia ng'ambo ya utepe, na mama mmoja wa kitenge cha bluu akaja juu: mwanawe ndiye alikuwa anaongoza, Baba Kulwa kamzuia ili wa kwake apite! Mwalimu akashika maiki. "Wazazi, tulieni. Picha zipo. Baba Kulwa atatuonyesha nani kafika kwanza."

Uwanja mzima ukanigeukia. Jua kali, skrini haionekani, mama mmoja akatufunika kwa khanga. Chini ya khanga tuko mimi, mwalimu, mama wa kitenge cha bluu, na yule fundi picha na soda yake.

Picha ya kwanza, watoto wanaondoka. "Haya, endelea." Ya pili, walewale. Endelea. Magunia bila vichwa. Endelea. Nyeusi tupu. Endelea. Goti.

"Goti la nani?" akauliza mwalimu. Hakuna aliyelitambua.

Tukafika ya mwisho. Anga ya Kigoma, safi kabisa. Tawi la mwembe kwenye kona. Na katikati, kandambili yangu, iko hewani, imekamatwa vizuri kuliko kiumbe chochote siku ile: ufa wa kisigino unaonekana, kokoto iliyonasa chini inaonekana, hadi ule waya niliofungia kamba.

Kimya. Mama wa kitenge akasema, "Kwa hiyo huyu ndiye mshindi?"

Fundi picha akameza soda yake. "Ila hapa fokasi imeshika," akasema.

Yaliyobaki ni mafupi. Wakaomba video ya bodaboda, ikakutwa imenifuata mimi tu mwanzo mwisho, utepe haumo. Watoto wote wawili wakapewa beseni, la pili likatolewa jikoni. Lenzi imejaa vumbi, haitoki wala hairudi. Muuzaji anasema mali ya mtumba hairudi. Kulwa, aliyekuja wa mwisho, bado anauliza picha yake iko wapi. Mama Kulwa ameiweka ile kandambili kwenye profaili yake.

Natafuta kamera nyingine, iliyotumika, ya kubadilisha lenzi, yenye fokasi ya kumfuata mtu anayetembea (kwenye Canon inaitwa AI Servo au Servo AF, Nikon na Sony wanaiita AF-C), na lenzi ya 50mm f/1.8, ile inayoingiza mwanga mwingi, nikiweza. Kadi ya namba 10 nimeshanunua, iko kwenye mfuko wa koti. Watu wa Dar msinitajie bei halafu mseme mzigo unakuja na treni.

Sina haraka sana. Mahafali yanakaribia, na grupu la wazazi limeshagawa majukumu: fundi picha atapiga picha, mimi nimepangiwa kuleta sahani za plastiki.