Basi la shule lisimame Minjingu

Mwezi uliopita fundi wangu alikataa tripu nzima ya changarawe. "Hizi laini mno, mama. Niletee kokoto za kupasuliwa." Tipa likageuza, nikabaki na vijiwe vitatu mkononi, mviringo kama mayai ya kware. Hapa Arusha jiwe tulilozoea ni la Mlima Meru, jeusi, lenye vitundu, linalokwaruza. Hivi vilisuguliwa na maji, ya mto au ya ufukwe. Dereva nilipomuuliza vimechimbwa wapi alicheka.

Nikakumbuka Minjingu, ukishapita Makuyuni kuelekea Babati. Wakulima wanalijua jina hilo kwenye mfuko wa mbolea. Kilima kinakochimbwa fosfeti yake, madini ya kutengenezea mbolea hiyo, kilikuwa kisiwa, enzi Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko tunavyoliona. Ndege walitua pale, wakala samaki, wakanya, wakafa. Kinyesi chao na mifupa ndiyo tunayomwagia mahindi leo. Ziwa lile halina mto unaotoka, kwa hiyo mvua ikizidi linapanda, ikipungua linarudi, na kila liliposimama kwa muda mrefu liliacha alama yake ufukweni.

Kule Utah, Marekani, ziwa la kale la Bonneville liliacha ngazi za changarawe ubavuni mwa milima. Mwaka 1890 mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alichapisha kitabu kizima juu ya ziwa hilo, akisoma fukwe zake kama mtu anavyosoma daftari la madeni: hapa maji yalifika, hapa yalivunja kingo upande wa kaskazini yakashuka zaidi ya mita 100. Ngazi hizohizo zimechimbwa miaka mingi kwa ajili ya zege na barabara. Lakini zilikuwa zimeshasomwa.

Sisi tunachimba kwanza. Sisemi machimbo yafungwe, nyumba yangu yenyewe inasubiri zege. Nasema ukuta mmoja wa kila shimo uachwe bila kuguswa, tabaka zionekane, na mtu wa jiolojia aite wanafunzi. Wazazi tunachangia nauli watoto wakaone tembo na heroe Manyara, basi linapita Makuyuni bila hata kupunguza mwendo, kisha mwalimu anarudi darasani kuchora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki!

Vile vijiwe vitatu viko dirishani jikoni. Mjukuu wangu ameshakipoteza kimoja.