Jamani sijauza RAM ya shangazi

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga, na hesabu zake zote za misumari na mabati ziko kwenye programu moja ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, skrini ya bluu maandishi meupe, ukitaka kutoka unabonyeza Esc mpaka uchoke. Kompyuta yake ya zamani ikafa, akanunua laptop ya Windows 10 yenye RAM (kumbukumbu inayotumika kompyuta ikiwa kazini) GB 8, programu ikagoma kufunguka kabisa, maana hizo programu za zamani ni za bit 16 (bit ni ukubwa wa namba ambazo mashine inazimeza kwa mkupuo), na Windows ya bit 64 haitaki hata kuziona. Najua wataalam mtasema si ungemwekea Windows 10 ya bit 32, hiyo bado inazikubali, nilimwambia hivyohivyo, akasema anataka Windows 7, ile yenye duara la Start pale pembeni, hizi nyingine zinamchanganya. Nikamwambia shangazi, hiyo wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Akanijibu, "Mbona mimi mjomba wako aliacha kunihudumia zamani sana na bado nadunda?"

Haya. Nikahamisha mafaili yake kwenye hard disk ya nje, tukaanza kuweka Windows 7 ya bit 32.

Kwanza flash yenye Windows haikuonekana, kumbe Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mashine kuwaka na kitu isichokiamini, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows, nikaizima nikawasha Legacy, njia ya kuwaka ya kizamani, ikatokea. Dirisha la Windows likaja vizuri, raha, halafu ikaniandikia eti draiva ya CD (programu ya kuifanya Windows ikitambue kifaa) haipo, weka CD yenye draiva. Laptop haina hata tundu la CD! Tatizo halisi ni kwamba Windows 7 haizijui USB 3, kwa hiyo ikishaamka tu inaisahau mpaka flash iliyoileta, ndo inaanza kuweweseka na mambo ya CD. Ila shangazi alikuwa nyuma yangu na miwani yake, kashasoma, na kabla sijafungua mdomo keshamtuma kijana wa dukani nyumbani. Kijana akarudi na mfuko umejaa CD za taarab na moja ya harusi. "Jaribu hiyo ya harusi," shangazi ananiambia, "ndo haijakwaruzika."

Nikaenda kuitengeneza flash upya kwenye mashine yangu nikapachika draiva za USB 3 humohumo. Kurudi, inakataa diski, inasema imepangwa kwa mtindo mpya, GPT, na hii bit 32 kwenye Legacy inataka mtindo wa zamani, MBR, na tachipedi haifanyi kazi, basi nafungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri kwa Shift na F10, naandika diskpart, clean, convert mbr, yaani futa diski yote uipange kwa MBR, huku wateja wanauliza bei ya saruji na shangazi anawajibu subirini kwanza mtoto anafanya operesheni. Ikakubali. Ikamaliza, ikawaka, duara la Start hilo hapo, shangazi akapiga kigelegele duka zima likageuka.

Nikaenda kununua chapati. Narudi nakuta skrini nyeusi, No bootable device.

Nilikagua kila kitu aisee, nikaanza kuhisi diski imekufa, mpaka binamu yangu, yuko kidato cha pili, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, kulikuwa na sehemu imeandikwa Secure Boot Disabled, nikaona si salama, nikabonyeza F9 nikasevu, ikarudi kama dukani." Yaani anasubiri nimshukuru. Legacy ikazimika, na diski ya MBR bila Legacy hiyo BIOS haioni kitu. Nikarudisha, nikaweka paswedi ya BIOS, na paswedi sijamwambia mtu.

Programu ikafunguka, misumari yote ipo, nikajua nimemaliza. Binamu huyohuyo akaenda kwenye Computer, kitufe cha kulia, Properties, akasoma kwa sauti: "Mama, hapa imeandika 8 halafu kwenye mabano inayotumika ni 3 na pointi."

Kimya. Shangazi akavua miwani.

Nikaeleza. Bit 32 inahesabu mpaka GB 4 tu, na humo vifaa vingine navyo vinachukua nafasi yao, RAM yenyewe ipo mlemle ndani, haijaguswa, nikataka hata kufungua kifuniko nimwonyeshe. Akasema usifungue tena kitu changu. Akatoa risiti kwenye droo, akaweka kidole kwenye nane, akaniangalia, akarudisha kidole kwenye nane. "We mtoto, ulikwenda na nini kwenye hiyo chapati?"

Jioni simu ya mama, kumbe wifi yake keshampigia. Mama hata hajui RAM ni nini, nikimweleza habari za bit anasema sawa baba, sawa, nimekusikia, halafu akashusha sauti: "Sasa mwanangu, kama ulishaiuza we niambie tu uliuza shilingi ngapi, tuchange."