Nano ya zahanati na nano ya stendi

Pale stendi ya Bagamoyo yupo kijana anauza bangili za "nano". Kwa maelezo yake zinashusha presha, zinamaliza sukari na kurudisha nguvu za kiume. Siku hiyohiyo, zahanatini, nilimwona muuguzi akimtoboa mtoto kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo cha plastiki, akaongeza matone ya kimiminika, kisha akasubiri. Baada ya robo saa mistari miwili ikajitokeza, myekundu. Malaria. Nano yenyewe ni hiyo, na hakuna aliyeinadi.

Wekundu wa mistari ile ni dhahabu. Chembe za dhahabu zikiwa na upana wa makumi machache tu ya nanomita haziwi tena za njano, huonekana nyekundu. (Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita; unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi.) Chembe hizo hubebeshwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea, na zikirundikana mahali pamoja jicho linaziona bila hadubini wala umeme.

Kasoro zipo. Protini inayotafutwa na vipimo vingi, HRP2, hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtoto akirudi na homa ya kitu kingine, mistari miwili itatokea tena, naye atameza dawa mseto bure huku ugonjwa wenyewe ukiachwa. Tena wapo vimelea, Eritrea kwa mfano, vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Hivyo kipimo hakivioni kabisa.

Chanjo ya malaria ya R21 nayo ni ya ukoo huohuo wa nano. Inakwenda na Matrix-M, chembe za nanomita 40 hivi zinazotengenezwa kwa kutumia magome ya mti wa Chile ili kuamsha kinga. Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio yake, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Katika vituo vya aina ya Bagamoyo, vilivyochanja watoto kwa umri bila kungoja msimu wa malaria, ilipunguza malaria kwa asilimia 68 ndani ya miezi 12. Haimalizi ugonjwa, chandarua hakitoki kitandani. Ila inakaa kwenye friji ya kawaida ya chanjo, nyuzi 2 hadi 8, na kwangu hilo lina uzito kuliko sifa nyingine zote. Chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta vya nano, ilianza kwa kudai nyuzi 70 chini ya sifuri. Zahanati gani ya kijijini ingeiweza?

Kwenye saratani ndiko maneno yamezidi vitendo. Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ilifunga dawa kali ndani ya vifuko vya mafuta ikaupunguzia moyo madhara, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini uchambuzi wa mwaka 2016 ulikuta kwamba, katika majaribio ya wanyama, kwa kawaida asilimia 0.7 hivi tu ya chembe zilizodungwa ndiyo hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na bandama. Anayekuambia dawa ya nano "inakwenda moja kwa moja kwenye saratani" amekuficha hilo.

Nilimuuliza kijana wa bangili chembe zake zina ukubwa gani.

"Kubwa tu, mzee wangu," akasema. "Hazina mchezo."