Bingwa Anayetoka Kuuguza Jeraha: Apelekwe au Abaki Nyumbani?

Ijumaa usiku, Oktoba 4, 2019, nilikuwa nimebanana na watu kwenye mkahawa mmoja wenye televisheni ndogo iliyotundikwa juu ya kabati la maandazi. Fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji ya Mashindano ya Dunia ya riadha kule Doha ilikuwa inaishia, na aliyekuwa mbele ni Lamecha Girma wa Ethiopia, kijana wa miaka 18. Mzee aliyeketi kando yangu akaanza kuvaa koti. Ndipo Mkenya Conseslus Kipruto akajirusha mstarini kifua mbele, na mkahawa mzima ukanyamaza kungoja picha. Kipruto 8:01.35, Girma 8:01.36. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa mwendo wao wa wastani hiyo ni kama sentimita sita, yaani upana wa vidole vitatu. Mzee akavua koti, akaagiza chai nyingine.

Mwaka huohuo Kipruto alikuwa ameuguza ufa katika mfupa wa mguu wa kushoto. Msimu wake ulikuwa umeharibika, na wengi wetu tulishamfuta kwenye hesabu za medali. Tangu siku ile, kila bingwa anapoumia na tarehe ya mashindano ikikaribia, hakosekani wa kuuliza: na Doha je? Mimi mwenyewe nimeuliza hivyo mara nyingi, hata kazini. Siku hizi naona tunaibebesha ile mbio moja mzigo usio wake.

Tuanze na upande wa wanaosema apelekwe, maana hawana hoja nyepesi. Watu hudhani mwanariadha akikaa nje wiki nane pumzi zote zimekwisha. Sivyo. Mguu ukiwa haugusi chini bado anaweza kupanda baiskeli, anaweza kukimbia ndani ya bwawa akiwa amefungwa boya kiunoni, na moyo na mapafu yakaendelea kufanya kazi karibu kama kawaida. Miaka kumi ya kilomita za Iten au Kaptagat haifutwi na miezi miwili ya kupumzika. Isitoshe, mbio za ubingwa hazina wadhibiti kasi, wale wanaowekwa mbele kuwavuta wenzao. Mara nyingi zinaanza polepole, watu wanachungana, halafu vita inapiganwa mizunguko miwili ya mwisho. Hapo ndipo mkongwe anayejua asimame wapi na aondoke lini huweza kumfunika kijana mwenye muda bora kuliko wake.

Ushahidi wa hilo upo, na ni wa Kipruto huyohuyo. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Eugene, Marekani, mwaka 2022, akiwa mbali na ubora wake, aliingia kwenye fainali iliyokimbiwa taratibu mno. Soufiane El Bakkali wa Morocco alishinda kwa 8:25.13, muda ambao kwa wanaume wa kiwango hicho ni kama matembezi ya jioni hadi kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia. Kipruto akapata shaba. Laiti mbio zile zingekwenda kwa kasi ya Doha, sidhani kama tungemwona jukwaani.

Sasa upande wa pili. Kisichofundishika bwawani ni kutua. Mbio hizi zina viunzi 28 na madimbwi 7 ya maji, na kila mara mkimbiaji anashuka kwa mguu mmoja na uzito unaozidi ule wa mwili wake mara kadhaa. Mfupa uliopata ufa huhitaji wiki sita hadi nane, na mara nyingi zaidi, kabla ya kubebeshwa mbio tena. Kano ya kisigino ina tabu nyingine: haipati damu nyingi, inapona kwa mwendo wa kobe, na ina tabia ya kumdanganya mwenyewe. Asubuhi anashuka ngazi kama mzee, akishapasha mwili inanyamaza, anafanya mazoezi akidhani amepona, kesho yake inalipiza kisasi. Na hata maumivu yakiisha, kinachochelewa kurudi kuliko vyote ni ile kasi ya mita 300 za mwisho, kwa sababu ndiyo mazoezi ambayo hakuna kocha mwenye akili anayeyarudisha mapema. Yaani bingwa anarudi na pumzi zake zote isipokuwa silaha aliyokuwa akishindia.

Kisa cha Kenenisa Bekele wa Ethiopia hunisumbua kila ninapotaka kuegemea upande mmoja. Agosti 28, 2011, kule Daegu, Korea Kusini, alisimama mstarini kutetea ubingwa wa dunia wa mita 10,000 baada ya jeraha lililomweka nje ya mashindano kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kabla ya siku ile hakuwa amewahi kushindwa katika mita 10,000 uwanjani. Hakumaliza. Alitoka zikiwa zimebaki mizunguko mingi, akasimama pembeni ya njia, na mshindi akawa Mwethiopia mwenzake, Ibrahim Jeilan, aliyempiku Mo Farah mita za mwisho. Hadithi ingeishia hapo, wanaosema abaki nyumbani wangekuwa wameshinda mjadala. Lakini Septemba 16, kule Brussels, Bekele alikimbia umbali uleule kwa 26:43.16, muda bora wa dunia mwaka ule.

Siku kumi na tisa. Mtu aliyeshindwa kufika mwisho akawa wa kasi kuliko wote duniani katika wiki zisizotimia tatu. Wengine husoma hapo kwamba Ethiopia ilifanya haki kumpeleka, kwani uwezo ulikuwepo. Wengine husoma kwamba alipelekwa kabla ya wakati. Mimi nasoma jambo jingine: ile mbio iliyomshinda Daegu huenda ndiyo iliyomtengeneza kwa Brussels. Mwili uliokaa nje unahitaji kupigwa na mbio moja ngumu kwanza ndipo ukumbuke kazi. Bekele alikwenda kuilipia mbio hiyo mahali pa gharama kubwa, kwenye ubingwa wa dunia.

Mashindano ya Dunia ya Tokyo 2025 yalituletea ulinganisho ambao mwanasayansi angeutamani, wanaume wawili katika mbio moja ya mita 1,500. Jakob Ingebrigtsen wa Norway alikuwa ameanza mwaka kwa moto, akavunja rekodi za dunia za ukumbini za mita 1,500 na maili katika mbio moja mwezi Februari, kisha akatwaa dhahabu mbili za dunia za ukumbini kule Nanjing mwezi Machi. Baadaye kano ya kisigino ikamkamata, na akafika Tokyo Septemba bila kukimbia mbio hata moja ya msimu wa nje. Akaondolewa raundi ya kwanza, akiwa wa nane katika kundi lake. Katika mita 5,000 alifika fainali, akamaliza wa 10.

Jake Wightman wa Uingereza, aliyemshinda Ingebrigtsen huyohuyo kwa dhahabu ya dunia mwaka 2022, alikuwa ameteseka na majeraha kwa miaka mitatu. Alikosa Mashindano ya Dunia ya 2023, akakosa Olimpiki ya Paris. Kwa hesabu za mezani, jeraha lake lilikuwa kubwa kuliko la Mnorway. Tokyo alichukua fedha, sekunde 0.02 tu nyuma ya Mreno Isaac Nader. Tofauti ni nini? Wightman alikuwa amekimbia mbio kadhaa msimu ule. Alishapigwa, alishakosea, alishajua mguu unajibu nini ukisukumwa. Ingebrigtsen alikuja kuuliza swali hilo siku ya mtihani.

Kwa hiyo nikiambiwa bingwa fulani amepona, siku hizi siulizi ameumia nini. Nauliza amekimbia mbio ngapi tangu arudi. Moja ni afadhali kuliko hakuna, na tatu ni hadithi nyingine kabisa. Najua Kipruto wa Doha anaiharibu kidogo kanuni yangu, kwa sababu 8:01 si mbio ya kuchungana, na mtu mwenye msimu uliokatika hakupaswa kuwa na kasi ile mwishoni. Sina namna ya kumfunga Kipruto kwenye kanuni. Vipaji vya aina yake, vya mtu aliyewahi kushinda fainali ya Diamond League Zurich mwaka 2018 huku kiatu kimoja kimemvuka mapema, havifai kupimia watu wengine.

Lakini kuna kitu kuhusu Doha ambacho husahaulika mkahawani. Kipruto alikwenda kama bingwa mtetezi. Katika Mashindano ya Dunia nchi huwa na nafasi tatu, na bingwa mtetezi anaongezewa ya kwake, ya nne. Hakumnyang'anya mtu kiti. Angeanguka kwenye dimbwi la kwanza, Kenya ingebaki na watu watatu waliofuzu kwa miguu yao. Hapo mimi sina shaka hata kidogo: mwenye tiketi ya bingwa na aende, daktari akishasema mfupa umefunga. Hatari ni yake, na faida ni ya wote.

Olimpiki ni nyumba nyingine. Nafasi ni tatu, bingwa mtetezi hana upendeleo. Juni 2021 Kipruto, bingwa wa Rio na wa dunia, aliingia mchujo wa Nairobi wa kuchagua timu ya Kenya akiwa hayuko sawa na hakumaliza. Akabaki. Agosti kule Tokyo El Bakkali akashinda kwa 8:08.90, Girma wa pili, Benjamin Kigen akaiokolea Kenya shaba, na ule utawala wa dhahabu ya Olimpiki uliokuwa haujakatika tangu 1984 ukakatika. Kelele zilizofuata unazikumbuka. Ati sheria ya mchujo imetupokonya dhahabu!

Siamini. Aliyeshindwa kufika mwisho wa mchujo Juni, na miguu inamsaliti, alikuwa na wiki sita tu, na hazikuwa za kujenga kasi, zilikuwa za kutibu. Naam, mtu anaweza kunirudishia siku 19 za Bekele, na atakuwa amenibana kweli. Nitamjibu hivi: Bekele hakuwa akiuguza Daegu, alikuwa amepona na amekosa mbio. Hizo ni hali mbili tofauti, na wateuzi wanaozichanganya ndio wanaotuletea ugomvi. Na kuna kijana asiye na jina, aliyelala kambini miezi mitano, aliyemaliza mbele ya wenzake kihalali. Kumwambia ampishe mtu aliyetoka nje ya mbio ni jambo gumu kulieleza kwa mama yake.

David Rudisha, Mkenya wa mita 800, anatoa njia ya kati, ingawa hayo si masafa marefu. Goti lilimkosesha Mashindano ya Dunia ya 2013. Aliporudi 2014 alianza kwa kumaliza wa saba Eugene, akashindwa na Nijel Amos kwenye Jumuiya ya Madola Glasgow, na magazeti yakaanza kumwandikia buriani. Hakuharakishwa. Mwaka 2015 akatwaa dhahabu ya dunia Beijing. Mwaka 2016 kwenye mchujo wa Eldoret alimaliza wa tatu, mbele yake vijana wawili, kisha Rio akakimbia 1:42.15 na kutetea taji lake la Olimpiki. Wa tatu alitosha, kwa sababu alikuwa tayari na misimu miwili ya kupigwa na kupiga.

Kama ningepewa kalamu ya wateuzi, ningewaachia wawili wa kwanza wa mchujo bila mjadala, na kiti cha tatu ningekiwekea sharti linalotangazwa mapema, si baada ya jina la mtu kujulikana: bingwa aliyekosa mchujo kwa jeraha lililothibitishwa na daktari ana wiki tatu za kukimbia mbio moja ya kweli na kufikia muda uliowekwa. Akishindwa, kiti ni cha aliyemaliza wa tatu, na hakuna simu za usiku.

Mashindano ya Dunia yajayo ni Beijing, Septemba 2027, na bila shaka kutakuwa na jina kubwa litakalofika likitoka kwa mtaalamu wa viungo. Sitangoja fainali kujua hali yake. Nitatazama raundi ya kwanza, dimbwi la tatu, pale uchovu unapoanza kusema ukweli. Akikifikia kiunzi cha maji kwa hatua ndefu bila kutazama chini, nitaagiza chai. Akianza kukatakata hatua ili ashuke kwa mguu mwingine, nitavaa koti.